Wazima Kwanza

"Usimwingize ndani, mama. Kaa naye hapohapo nje," Victoria alisema kupitia dirishani, sindano mkononi.

Bibi Dorkas akarudi kwenye benchi la nje, chini ya bati lililokuwa likidondosha umande. Akamfunika mtoto upya kwa kanga mbili, ya bluu ndani, nyekundu juu. Mtoto alikuwa na vipele hadi kwenye kope, na mwili umechemka.

Siku ya kliniki huko mlimani utaratibu ni huo: watoto wazima kwanza, wagonjwa mwisho, wasije wakaambukizana. Tabibu alikuwa ameteremka mjini Same, nesi amebaki peke yake. Chupa ya chanjo ya surua alikwisha kuifungua, na chupa ikishafunguliwa haingoji, ikichelewa, humwagwa. Na akina mama wengi walikuwa wametoka vijiji vya mbali, miguu ina tope.

"Anakunywa?" Victoria aliuliza, bila kutoka.

"Maji anatema. Anataka ziwa."

"Mpe kwa kijiko, taratibu."

Jenifer, mmoja wa akina mama, ambaye zamu yake ilikuwa imefika, akachungulia nje.

"Shikamoo bibi. Mama yake huyo yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko kazini."

"Kazi gani hiyo, na mtoto yuko hivi?"

"Kazi tu, mwanangu."

Jenifer akamgeukia nesi. "Sista, si umtazame mara moja tu? Au roho yako ni ya jiwe?"

"Nikimshika yule, wako nitamshika kwa mikono hiyohiyo. Mvue shati."

Jenifer alimvua. Mtoto akachomwa, akalia, akawekewa pamba, akafuata mwingine. Nje, kilio cha mgonjwa kilipungua kikawa mguno, kisha hakikusikika tena. Victoria alisimama kidogo, uso kwenye dirisha. Halafu akavuta dawa ya mtoto aliyefuata.

Ukungu ulikuwa unapanda tena kutoka bondeni mama wa mwisho alipoondoka. Victoria alifunga kasha la barafu. Akanawa mikono hadi kwenye viwiko, kwa sabuni, mara mbili, akatoka na kukaa benchini kando ya Bibi Dorkas.

Alifungua vifungo vya gauni lake jeupe, lililokuwa limelowa kifuani, akampokea mwanawe. Mtoto alifumbua jicho moja. Ziwa hakulishika.