Kayamba Nyuma ya Mwimbaji

Muuza duka alipowasha spika kubwa kuliko zote, vioo vya dirisha vilitetemeka na wapita njia wakaanza kutikisa mabega. Chande alitabasamu kwa adabu tu. Wimbo ule alikuwa akiupiga kila harusi aliyopeleka disko lake, na alijua fika kwamba nyuma ya mwimbaji kuna kayamba. Tangu mwaka jana hakulisikia tena, na hata sasa katika kishindo kile hakulisikia, wala hakumwambia mtu. Nani angemkodi mpiga disko kiziwi?

"Hizi ndogo nazo zina amplifaya humo humo ndani," muuzaji alisema, akihamisha waya. "Hazina kishindo, lakini..."

Chande akainua mkono kumnyamazisha. Chwa, chwa, chwa.

"Tunu, unalisikia kayamba?"

Mkewe akasogea karibu. "Ee! Lilipotelea wapi siku zote hizi? Mimi nilidhani ni masikio yangu, nikaona haya kukwambia."

"Kumbe yaliyokufa ni yale maspika yetu ya disko!"

Chande alicheka mpaka akakalia ile spika kubwa. Tunu akausukuma mtandio nyuma ya masikio, akafumba macho, na kidole chake kikaanza kulifuata kayamba taratibu.