Spea Isiyo ya Asili

Sheria ilikuwa wazi: gari la mtumba halitoki gereji likiwa na spea isiyo ya asili. Fundi Sifuni alibadilisha koili na pampu ya maji ya gari la Kijerumani la Bwana Mwakyoma, kisha akalipima tena kwa kompyuta. Taa ya injini ikagoma kuzimika.

"Imebaki spea moja feki," alisoma kwa heshima zote. "Dereva."

"Mimi?"

"Pole, kaka. Ila yule wa asili ameshaagizwa."

Mwakyoma hajajua acheke au akimbie, mkewe akapiga simu.

"Baba Tumpe, kuna mzee wa Kijerumani sebuleni, ana begi. Amevaa ndala zako." Akashusha sauti. "Zimemkaa kuliko wewe."