Mbao Zilizosimamishwa Wima

Kipupwe kilifika katikati bila theluji mpya kuanguka. Jua liliwaka kila siku, na mlima uliokuwa juu ya mji ukaanza kuonyesha mawe yake. Wageni waliokuja kuteleza juu ya theluji kwa mbao za kufunga miguuni walirudi makwao, wakilalamika kwamba theluji iliyobaki ilikuwa ngumu kama kioo.

Mwanaheri alipanda na shemeji yake, Shekue, kuutafuta mwili wa mumewe. Badi alikwenda kuteleza peke yake msimu uliopita, poromoko la theluji likaanguka siku hiyohiyo, na hakuonekana tena. Matanga yaliwekwa bila maiti.

Nyuma ya jabali, karibu na kilele, walizikuta mbao zake. Hazikuwa zimevunjika. Zilikuwa zimesimamishwa wima, na chini yake viatu vyake vizito vya kutelezea vimepangwa pamoja, soksi zimekunjwa ndani.

"Poromoko halikufika huku, shemeji," Shekue alisema polepole. "Lilipita kule bondeni."

"Na halikunji soksi," Mwanaheri alisema.

Shekue aliinamisha kichwa. "Basi alibeba viatu vingine."

Mwanaheri akakaa juu ya barafu. Mwaka mzima alikuwa akimwombea marehemu. Alitia mkono ndani ya kiatu kimoja, akagusa soksi iliyokunjwa, akautoa upesi kama aliyeungua.

"Turudi, shemeji," Shekue alisema. "Tutajua la kuwaambia watu."

Mwanaheri alikuwa akitazama upande wa pili wa mlima, ambako njia nyembamba ilishuka mpaka mji mwingine, na moshi wa majiko ya asubuhi ukipanda juu ya mapaa.