Mzee wa Somo la Nyota

Delaney alipohama kiti, mzee naye alihama.

Ilikuwa mara ya pili juma lile. Delaney alitoka safu ya katikati akaenda pembeni, karibu na dirisha, na kabla hajavua koti akasikia zile buti zikishuka ngazi za ukumbi. Mzee akaketi nyuma yake, kama kawaida. Kofia ya kampuni ya mbegu kichwani, mkono wa kulia mfukoni. Hana kitabu, hana kompyuta, hana hata kalamu. Mtu wa namna hiyo anatafuta nini kwenye somo la nyota?

Delaney mwenyewe hakulipenda. Alikuwa mwanafunzi wa muziki, mwaka wa mwisho, na shule moja ya mji wa Lincoln ilikuwa ikimngoja akafundishe kwaya. Lakini chuo kilikuwa na sharti lake: hata mpiga filimbi lazima apasi somo moja la sayansi, la sivyo hakuna shahada. Alichagua astronomia kwa sababu kila mtu alimwambia ni kutazama nyota tu. Kutazama wapi! Ilikuwa hesabu tupu, tena asubuhi.

Kilichomwokoa ni rimoti. Kila mwanafunzi alinunua yake, ndogo ya kuenea kiganjani. Profesa Ostergaard akiuliza swali, unabonyeza jibu, na kompyuta inakuhesabu kuwa umehudhuria na umejibu, inakupa alama. Watu wa muziki walibebwa na alama hizo.

"Rimoti moja, mtu mmoja," profesa alionya siku ya kwanza. "Nikimkamata anayembonyezea mwenzake, wote wawili wamefeli. Na msiniletee visingizio vya bibi aliyefariki."

Delaney alikuwa na mbili. Ya pili ilikuwa ya Shelby, mwenzake wa chumbani, ambaye saa hizo huwa amelala fofofo.

Mzee alitokea baada ya likizo ya Machi. Tangu siku hiyo macho yake hayakubanduka kwenye mikono ya Delaney. Na kila swali likiulizwa, kuna kitu kilikuwa kikilia tik mle mfukoni mwake. Kamera, Delaney aliwaza.

"Huyo mpelelezi," Shelby alisema huku akitafuna pizza, utadhani hayamhusu. "Ofisi ya mkuu wa wanafunzi huwatuma. Si ndivyo walivyomnasa yule jamaa wa mpira?"

"Sasa unacheka nini? Njoo basi ubonyeze mwenyewe!"

"Asubuhi ile? Wee, bora nifeli."

Jumanne, watu wakitoka, mzee alimsogelea Delaney mlangoni.

"Binti, Alhamisi utakuwepo?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu. Usikose, tafadhali."

Delaney hakulala vizuri. Mtu anakusihi uje, ili iweje? Ili akukamate mbele ya watu, basi.

Alikwenda hivyo hivyo, kwa kuwa kukosa nako ni kupoteza alama. Profesa akauliza kwa nini mwezi hubadilika sura. Delaney alikuwa na hakika ni kivuli cha dunia. Akabonyeza yake, akabonyeza ya Shelby. Nyuma yake kiti kililia. Mzee alikuwa ameinama mbele hadi pumzi yake ikamgusa sikio. Tik.

Jibu likatokea ukutani. Wala si kivuli. Ni sehemu tunayoiona, kutoka tulipo, ya upande wa mwezi unaomulikwa na jua.

"Lo," mzee akanong'ona. "Kumbe kivuli siyo." Kisha, kwa upole wa kutisha: "Usijali, binti. Swali lijalo utapata."

Kwa hiyo aliona hadi kitufe alichobonyeza. Miaka minne ya jasho, kwaya ya watoto inamngoja, na yote iko mfukoni mwa mzee mmoja mwenye kofia ya mbegu.

Akaamua kumuwahi. Mchana huo alibisha hodi ofisini kwa profesa, akasema kuna mwanamume asiye mwanafunzi anayemfuata kiti kwa kiti, anamchungulia, anamuuliza atakuja lini, naye anaogopa. Yote yalikuwa kweli, ndiyo maana alilia bila shida. Mzee akishatolewa na askari, lolote atakalosema juu yake litaonekana la kulipiza kisasi.

Jumanne iliyofuata, swali la kwanza lilipomalizika, askari wa chuo alishuka ngazi pamoja na profesa. Ukumbi mzima uligeuka.

"Mzee, toa mkono mfukoni. Polepole."

Mkono ukatoka. Kiganjani mlikuwa na rimoti.

"Ni ya mwanangu," mzee alisema, akavua kofia. "Garrett. Alianguka kutoka juu ya ghala la mahindi likizo ya Machi, nyonga imevunjika, hata kukaa hawezi. Asipopasi somo hili hamalizi chuo. Nikasema nije nimshikie nafasi. Mwalimu, mimi ni mkulima. Nyota sizijui."

Profesa aliitazama rimoti, akamtazama mzee. Sauti yake ikalainika.

"Lakini Garrett amekuwa akijibu, na mara nyingi anapata. Majibu ulikuwa ukiyatoa wapi?"

Mzee akatabasamu, akamwelekezea Delaney kofia yake.

"Kwa huyu binti, Mungu ambariki. Siku ya kwanza nilitaka kurudi nyumbani, niliona kama ni wizi. Ndipo nikamwona yeye anabonyeza rimoti mbili, nikajua kumbe hapa kusaidiana ni ruhusa."