Kamba ya Ndama

Waziri kutoka Uswidi alipokea kamba ya ndama huku akicheka, na majirani wa mjane Donatha, kijijini Mudende, milimani juu ya mji wa Gisenyi, wakapiga makofi. Mikono ya waziri, ambayo zamani ilikuwa ya baharia, ikaifunga kamba nguzoni kabla hajafikiri.

"Aksanti, umekubali ng'ombe yangu," Donatha akasema. "Sasa we ni ndugu. Kwetu, mutu akipokea ng'ombe hawezi kumukatalia ndugu yake kitu."

Akakunjua barua. "Mutoto yangu iko kwenu. Wanamufukuza Ijumaa."

Waziri aliitambua sheria ya kufukuza wageni iliyotajwa katika barua. Yeye mwenyewe alikuwa ameipigania bungeni miaka saba hadi ikapita.

Akaishika kamba ili airudishe. Ndama alikuwa ameshavuta, fundo limekazika, kucha za waziri zinateleza.

Donatha akamsogezea maziwa. "Kunywa kwanza, ndugu."