Kabla Jua Halijachwa

Saa ya Baraza la Masheikh ilikuwa imetundikwa jikoni kwa Zuwena, kama kwa kila mke mwenye mimba. Alfajiri hiyo ilitangaza kwa sauti tamu: "Siku ya mia na ishirini."

Ndiyo ya mwisho. Ikipita, mimba huhesabiwa imeshapulizwa roho, na daktari atakayeitoa hufungwa. Daktari alikwishaandika kwamba moyo wa Zuwena hautaifikisha mimba hiyo mwisho. Ombi lake la kuitoa lilikuwa kwa masheikh tangu siku ya sitini: mara mmoja anaoza mwanawe, mara ufunguo wa kabati la muhuri haujulikani uliko.

Leo walikaa baada ya Alasiri. Walikunywa kahawa, wakala haluwa, wakabishana nani afungue kikao kwa dua. Zuwena aliwatazama, mkono kifuani, ndevu zao zenye hina zikitikisika. Magharibi ikaadhiniwa. Wakaenda kusali, wakarudi.

"Tumekuruhusu, mwanangu," alisema Sheikh Mbarouk, akimkabidhi karatasi.

Zuwena alikuwa ameshaikunja aliposikia sauti ya sheikh tena.

"Lo! Jua si limekuchwa? Siku imeshaingia nyingine hii. Hebu ilete." Akaichana vipande viwili, akashusha pumzi. "Alhamdulillahi, jamani. Tumeponea chupuchupu kupata dhambi."

Wenzake wakaitikia, wakapeana mikono.

Nyumbani, Zuwena aliwasha jiko, kwani watoto walikuwa na njaa.

"Siku ya mia na ishirini na moja," ilisema saa. "Hongera, mama. Zimebaki mia na arobaini na tano."

Daktari alikuwa amempa sitini za kuishi.