Kesi ya Kamanda Asiyejulikana

"Mheshimiwa hakimu, mtu huyu hafai hata kuombewa!" alifoka Domo, na darasa la historia likapiga madawati kwa shangwe. Leo msichana huyo mwenye maneno mengi alikuwa mwendesha mashtaka. Mshtakiwa, kamanda aliyeamuru wagomaji wa reli wapigwe risasi zamani zile, aliigizwa na mvulana mpole kuliko wote.

"Tulieni," alisema mwalimu. "Kanda hii ilirekodiwa siku yenyewe."

Redio ikakwaruza. Mtu akakohoa, akagonga ulimi kama anayeita paka.

"Haya wanangu, amkeni, kazi hiyo," ikasema sauti, taratibu, bila hasira hata kidogo. Kisha ikafuata milio ya risasi.

Ncha ya kalamu ilikuwa imezama kiganjani mwa Domo, naye hakuihisi. Kikohozi kile, ulimi ule, maneno yale yale: ndivyo babu alivyomwamsha kila asubuhi, akichechemea, kikombe cha chai mkononi.

"Mwendesha mashtaka, unaomba adhabu gani?" aliuliza hakimu.

"Leo Domo kaishiwa maneno!" akacheka mshtakiwa.

"Mguu wake mbovu," Domo alisema kwa sauti ndogo. "Hawezi kusimama muda mrefu."